Kazi mpya kwa mkono wa jamaa: jinsi ya kuzungumzia mshahara bila kuvunja udugu

Mtu anapoacha fani aliyoizoea na kuingia nyingine, mara nyingi huvuka kwa kushikwa mkono na rafiki aliyesoma naye, shemeji, jirani wa zamani au mwumini mwenzake. Mitaani huitwa koneksheni. Jambo hilo si geni Afrika Mashariki, wala peke yake si la aibu. Ugumu hujitokeza pale swali la mshahara linapofika mezani. Anayeingia huona haya kutaja kiasi anachostahili, akichelea kuonekana hana shukrani mbele ya aliyemfungulia mlango. Hukubali tarakimu ya kwanza anayotajiwa, na nyongeza zote za miaka inayofuata hujengwa juu ya tarakimu hiyo.

Makala hii inaeleza namna ya kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa katika hali hiyo: fadhila anayodaiwa mtu na aliyemleta, na thamani ya kazi atakayoifanya. Uganda ndiyo mfano mkuu. Baada yake zinatazamwa sheria za Kenya, Tanzania na Rwanda.

Mwalimu anayeiacha chaki

Julai 2022, serikali ya Uganda ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada katika shule za sekondari hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Walimu wa masomo ya sanaa wenye shahada ya kiwango hicho hicho walibaki na kiasi kinachozidi kidogo milioni 1. Mwezi mmoja kabla ya hapo, chama cha walimu cha UNATU kilikuwa kimeitisha mgomo kupinga pengo hilo. Mgomo ulimalizika bila pengo kuzibwa, na Juni 2025 walimu wa masomo ya sanaa waligoma tena.

Tuseme mwalimu wa historia wa shule ya serikali, mwenye umri wa miaka 38 na miaka 12 kazini, analipwa shilingi 1,080,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mtu aliyesoma naye chuo kikuu sasa anafanya kazi katika shirika lisilo la kiserikali jijini Kampala. Anamwarifu kwamba shirika hilo linatafuta mratibu wa mafunzo, anampeleka kwa mkuu wake, na usaili unakwenda vizuri. Mwishoni mkuu anauliza: "Ungependa kulipwa kiasi gani?"

Jibu la haraka ni 1,500,000. Kwa macho ya mwalimu hiyo ni nyongeza ya shilingi 420,000, karibu asilimia 39. Hesabu ya makini inasema vingine.

Kwa viwango vya kodi ya mshahara vilivyowekwa Uganda mwaka 2012, shilingi 235,000 za kwanza za kila mwezi hazitozwi kodi. Kiasi kinachozidi hapo hadi 335,000 hutozwa asilimia 10, kinachofuata hadi 410,000 asilimia 20, na kinachozidi 410,000 asilimia 30. Mwalimu mwenye 1,080,000 hukatwa kodi ya 226,000 na kubaki na 854,000. Mfanyakazi wa shirika mwenye 1,500,000 hukatwa kodi ya 352,000, kisha asilimia 5 ya mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, yaani 75,000. Kinachofika mkononi ni 1,073,000. Nyongeza iliyoonekana kuwa 420,000 imekuwa 219,000.

Ikiwa mwalimu huyo alikuwa akiishi katika nyumba ya shule na kwenda darasani kwa miguu, kodi ya nyumba Kampala pamoja na nauli ya kila siku ya teksi au bodaboda inaweza kuimeza nyongeza hiyo yote.

Lipo pia jambo lisiloonekana katika hati ya malipo. Mwalimu wa serikali hachangii NSSF, bali husubiri pensheni inayolipwa na serikali. Kustaafu mapema kwa hiari katika utumishi wa umma kunahitaji umri wa angalau miaka 45 na utumishi wa angalau miaka 10. Anayejiuzulu akiwa na miaka 38, hata kama ametimiza miaka ya utumishi, huiacha pensheni hiyo nyuma. Kwa upande mwingine, mwajiri wa sekta binafsi analazimika kuweka NSSF asilimia 10 ya mshahara juu ya asilimia 5 ya mfanyakazi. Kwa mshahara wa 1,500,000, akaunti ya mwanachama hupokea 225,000 kila mwezi, na fedha hizo ni zake. Yote mawili, kinachopotea na kinachopatikana, yanapaswa kuingia katika hesabu.

Kwa mshahara wa 2,000,000, kodi ni 502,000, mchango wa NSSF ni 100,000, na kinachobaki ni 1,398,000. Mwalimu aliyefanya hesabu hizi nyumbani, kalamu mkononi, anafika mezani akijua kiasi gani kinamfaa na kiasi gani kinamhamisha mahali tu. Asiyezifanya atashangilia tarakimu kubwa, kisha mwezi wa tatu atajiuliza fedha zinakwenda wapi.

Hapaswi kutegemea kwamba sheria itamwekea sakafu. Kima cha chini cha mshahara nchini Uganda ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa mwaka 1984 na kisichobadilishwa tangu hapo. Katika mazingira hayo, asiyejisemea hana wa kumsemea.

Kwa nini kujuana hufunga mdomo

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala mashuhuri kuhusu nguvu ya uhusiano usio wa karibu. Mwaka uliofuata alitoa kitabu kuhusu namna watu wanavyopata kazi, kilichotokana na mahojiano na wanaume wenye kazi za kitaalamu, kiufundi na za uongozi katika mji wa Newton, jimbo la Massachusetts. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamepata kazi kupitia watu waliowafahamu. Lakini kati ya waliopata kwa njia hiyo, ni kama 17 tu katika kila 100 waliokuwa wakionana mara kwa mara na aliyewapa habari. Wengine wote walikuwa wakionana naye kwa nadra au mara moja moja. Maelezo yake ni kwamba watu wa karibu hujua yale yale ambayo mtu tayari anayajua, ilhali habari mpya hutoka kwa wanaoishi katika miduara mingine.

Utafiti huo unafaa kukumbukwa na anayeona kwamba ameshikwa shingo na fadhila. Mara nyingi alichotoa aliyemleta ni habari na neno jema. Kitu hicho kina thamani kubwa kwa anayepokea, lakini hakikumfilisi mtoaji. Huenda mtoaji naye amefaidika, kwa kuwa mkuu wake sasa anamwona kama mtu anayejua watu wanaofaa, na yapo mashirika yanayowalipa wafanyakazi wao bakshishi kwa kuleta mtu akaajiriwa.

Jambo la msingi zaidi ni hili: mtu anapokubali mshahara mdogo kwa sababu ya shukrani, punguzo hilo haliendi kwa rafiki yake. Linakwenda kwa mwajiri. Rafiki hapati hata senti moja ya kiasi kilichoachwa mezani. Fadhila yake inabaki haijalipwa, na aliyeajiriwa amekuwa mnyonge. Huenda siku moja akaanza kumlaumu yule yule aliyemsaidia, akisema moyoni: "Ndiye aliyeniingiza huku." Kwa njia hiyo, mshahara usiozungumzwa vizuri huweza kuuvunja udugu ambao ukimya ulikusudiwa kuulinda.

Katika kitabu chao cha mwaka 1981 kuhusu mashauriano, Roger Fisher na William Ury wa Harvard walishauri kwamba watu watenganishwe na jambo linalojadiliwa. Ushauri huo una uzito wa pekee pale mtu mmoja anapokuwa rafiki, shahidi na mfanyakazi mwenza wa kesho kwa wakati mmoja.

Mikono ya aina tatu

Si kila anayemsaidia mtu kupata kazi ana nafasi sawa katika mazungumzo ya mshahara.

Wa kwanza ni *mpasha habari*. Alisikia nafasi ipo, akaeleza. Jina lake huenda halikutajwa kabisa kwa mwajiri. Huyu hahusiki na mazungumzo ya fedha, na kumshukuru kunatosha.

Wa pili ni *mdhamini*. Ameweka heshima yake rehani kwa kusema: "Mtu huyu namjua, atafaa." Anachokidai kwa haki ni kutoaibishwa: aliyeletwa afike kwa wakati, aseme kweli kuhusu vyeti na uzoefu wake, na asiache kazi baada ya wiki tatu. Kuomba mshahara unaostahili kwa lugha ya adabu hakumwaibishi mdhamini. Kudanganya ndiko kunakomwaibisha.

Wa tatu ni *mwajiri mwenyewe*: mjomba mwenye kampuni, rafiki mwenye duka la jumla, dada wa kanisani aliyefungua shule. Hapa anayefungua mlango ndiye anayelipa. Hali hii ndiyo ngumu kuliko zote, na inaelezwa peke yake hapo chini.

Kwa aina mbili za kwanza, kanuni moja inafaa: aliyemleta mtu asiwe msemaji wake kuhusu mshahara. Akijitolea kusema, akatazwe kwa upole. Maneno kama haya yanatosha: "Kaka, umenifanyia kubwa kunifikisha hapa. Suala la malipo niachie nizungumze nao mwenyewe, nisikuweke katikati." Anayemsemea mwenzake huwa na mabwana wawili. Akidai sana atamuudhi mkuu wake, na akidai kidogo atakuwa amemuuza mwenzake bila kukusudia.

Katika utumishi wa umma mambo ni tofauti. Ngazi za mshahara zimepangwa, nafasi ya kujadiliana ni finyu, na ajira hupitia matangazo na tume. Kupata habari ya tangazo kutoka kwa rafiki ni halali. Kupitishwa mlango wa nyuma si halali: Sheria ya Uganda ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 2009 inautaja upendeleo wa kindugu kuwa kosa. Na popote pale, serikalini au katika kampuni binafsi, anayedai "mshahara wa mwezi wa kwanza" ili ampatie mtu kazi hatendi fadhila, anauza.

Maswali ya kuuliza kabla ya kufika mezani

Faida halisi ya kumjua mtu aliye ndani ni kwamba anajua mambo ambayo tangazo la kazi haliyasemi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Yapo maswali ambayo rafiki anaweza kuyajibu bila kuvunja siri za ofisi wala kutaja mshahara wake mwenyewe:

- Kazi kama hii hulipwa kati ya kiasi gani na kiasi gani, hapa na katika mashirika yanayofanana na hili?
- Mishahara hulipwa tarehe ngapi, na je, imewahi kuchelewa?
- Nani ana uamuzi wa mwisho: mkuu wa idara, ofisi ya rasilimali watu, au mfadhili?
- Mwaka wa bajeti huanza lini? Serikali ya Uganda, kama zilivyo Kenya, Tanzania na Rwanda, huanza mwaka wake wa fedha Julai. Mashirika yanayotegemea wafadhili huwa na kalenda zao.
- Fedha za nafasi hii zimehakikishwa kwa muda gani? Mradi wa miezi 18 si ajira ya kudumu.
- Aliyekuwa na nafasi hii kabla aliondoka kwa sababu gani?

Swali la pili halipaswi kuachwa. Mshahara wa 2,000,000 unaolipwa baada ya miezi mitatu ni mdogo kuliko wa 1,600,000 unaoingia benki kila tarehe 28, kwa mtu mwenye ada za shule na kodi ya nyumba.

Majibu ya rafiki mmoja hayatoshi. Ni busara kuuliza watu wengine wawili au watatu wenye kazi kama hiyo mahali pengine, ili kiasi kinachoombwa kisimame juu ya hali ya soko.

Tarakimu ya kwanza na nguvu yake

Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio lililohusu Afrika yenyewe. Watu waliulizwa ni asilimia ngapi ya nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa ni za Afrika. Kabla ya kujibu, walizungushiwa gurudumu la bahati lililosimama kwenye namba fulani. Walioona 10 walikisia, kwa wastani wa kati, 25. Walioona 65 walikisia 45. Gurudumu halikuhusiana kabisa na swali, lakini namba iliyoonekana kwanza ilivuta makisio upande wake.

Katika mazungumzo ya mshahara, tarakimu ya kwanza hufanya kazi ya gurudumu hilo. Kwa anayebadili fani, tarakimu ya hatari zaidi ni mshahara wake wa zamani. Mwalimu akisema "sasa napata 1,080,000", mazungumzo yatazunguka hapo, hata kama shirika lilikuwa limetenga mara mbili ya kiasi hicho.

Akiulizwa mshahara wa zamani, asidanganye. Waajiri wengi huomba hati ya malipo, na uongo ukigundulika mdhamini naye huaibika. Anaweza kujibu kweli yote, kisha akalirudisha swali kwenye kazi: "Mshahara wangu wa sasa ni 1,080,000, pamoja na nyumba na haki ya pensheni ya serikali. Kazi tunayoizungumzia ni tofauti: ina usimamizi wa watu na safari za wilayani. Kwa majukumu hayo, nimeona malipo ya kawaida ni kati ya 2,000,000 na 2,500,000, na ningependa tuzungumze ndani ya kiwango hicho." Baada ya kusema hivyo, anyamaze. Wengi hujiharibia kwa kuongeza haraka: "Lakini hata kikipungua si neno."

Anayehama fani hana budi pia kukiri kwamba vipo vitu asivyovijua bado. Hilo halimaanishi kwamba anaanza sifuri. Mwalimu aliyefundisha miaka 12 ameandaa mitaala, amesimamia mitihani, amezungumza mbele ya watu wagumu na kutunza kumbukumbu. Kazi ya mratibu wa mafunzo inahitaji mambo hayo hayo. Anachopaswa kufanya ni kuyataja kwa lugha ya kazi mpya na kwa idadi: wanafunzi wangapi, walimu wangapi aliowaongoza, semina ngapi alizoendesha.

Mwajiri akisema hawezi kufikia kiasi hicho kwa sasa, mazungumzo hayajaisha. Anaweza kuombwa kiasi cha kati, pamoja na ahadi ya maandishi kwamba mshahara utapanda hadi kiwango kinachotajwa baada ya kipindi cha majaribio, ikiwa malengo yaliyoorodheshwa yatafikiwa. Bima ya afya ya familia, posho ya usafiri, siku za likizo na ada ya masomo ya kujiendeleza ni mambo mengine yanayoweza kujadiliwa. Lakini posho haziingii mahali pa mshahara wa msingi, kwa sababu nyongeza za baadaye kwa kawaida huhesabiwa juu ya mshahara wa msingi.

Ndugu anapokuwa mwajiri

Mjomba anaposema "Njoo tufanye kazi, mambo ya fedha tutayaona", huenda anasema kwa nia njema. Maneno hayo, hata hivyo, humwacha mpwa bila msingi wowote. Mwisho wa mwezi atapewa "kitu kidogo", na akiuliza ataambiwa kwamba alilishwa, alipewa mahali pa kulala, au alilipiwa ada zamani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema pia mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Njia ya heshima ni kuomba maandishi kwa faida ya wote wawili, tena mapema: "Mjomba, nimefurahi kuitwa. Naomba tuandike kazi zangu ni zipi na malipo ni kiasi gani, ili watu wa nyumbani wasije wakatugombanisha kesho." Kauli ya namna hiyo haimtuhumu mzee kwa lolote. Inaweka lawama juu ya siku zijazo na maneno ya watu, na mzee anaweza kuikubali bila kupoteza uso.

Mambo matatu yanahitaji kuandikwa hasa. La kwanza ni mshahara na siku ya kulipwa. La pili ni kama chakula, malazi na nauli ni sehemu ya malipo au ni ukarimu wa nyumbani. La tatu ni namna ya kuachana, yaani notisi ya siku ngapi, ili anayeondoka asionekane ametoroka ukoo.

Mwanamke mezani

Katika kitabu cha mwaka 2003, mwanauchumi Linda Babcock na Sara Laschever walieleza uchunguzi wa wahitimu wa shahada ya uzamili katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Ni asilimia 7 tu ya wanawake waliokuwa wamejaribu kuongeza mshahara wa kwanza waliotajiwa, dhidi ya asilimia 57 ya wanaume. Utafiti wa Hannah Riley Bowles na wenzake uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wanawake hawakunyamaza bila sababu: walioomba zaidi walihukumiwa vikali kuliko wanaume walioomba vivyo hivyo.

Afrika Mashariki, sheria iko upande wa anayeuliza. Ibara ya 40 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inataka malipo sawa kwa kazi sawa bila ubaguzi, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inadai malipo sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Mwanamke aliyeletwa na shemeji au kaka anaweza kusimama juu ya kazi yenyewe na kuuliza: "Ngazi ya mshahara ya nafasi hii ikoje, na aliyetangulia alikuwa katika ngazi ipi?" Swali hilo halihusu tabia yake wala ukoo wake.

Maandishi: sheria zinasemaje

Ajira iliyoanza kwa simu ya rafiki ina hatari ya kuendelea kwa maneno matupu. Sheria za nchi jirani zinampa mfanyakazi nguvu ya kudai karatasi.

*Uganda.* Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake ndani ya wiki 12 tangu aanze kazi. Kipindi cha majaribio hakizidi miezi 6, na hurefushwa kwa miezi mingine isiyozidi 6 kwa ridhaa ya mfanyakazi. Katika kipindi hicho mkataba unaweza kuvunjwa kwa notisi ya siku 14, jambo ambalo aliyeacha ajira ya serikali anapaswa kulipima.

*Kenya.* Maelezo ya maandishi hutolewa ndani ya miezi 2. Majaribio ni miezi 6, yakirefushwa yasizidi mwaka mmoja, na notisi ni siku 7. Mshahara hukatwa kodi, mchango wa NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii iliyoanza Oktoba 2024, na asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba za gharama nafuu.

*Tanzania.* Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka maelezo ya maandishi mfanyakazi anapoanza kazi. Shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi kodi. Mfanyakazi mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo hana kinga kamili dhidi ya kuachishwa isivyo haki.

*Rwanda.* Kwa mujibu wa sheria ya kazi ya mwaka 2018, mkataba usioandikwa hauwezi kuzidi siku 90 mfululizo. Faranga 60,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi kodi. Tangu Januari 2025 mchango wa pensheni umepanda kutoka asilimia 6 hadi 12 ya mshahara, nusu ikilipwa na mfanyakazi na nusu na mwajiri.

Anayevuka mpaka akumbuke kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inatambua haki ya wafanyakazi kuhama, lakini haiondoi kibali cha kazi. Kenya, Rwanda na Uganda zimefutiana ada ya kibali hicho. Kibali chenyewe bado kinaombwa. Akitajiwa mshahara kwa dola, aulize utalipwa kwa fedha gani na kwa kiwango cha ubadilishaji cha siku gani.

Kukubali na kukataa kwa heshima

Mazungumzo yakifaulu, aliyemleta apewe habari siku hiyo hiyo, ashukuriwe kwa namna inayofaa mila za pale, na asisimuliwe tarakimu. Akigundua kwamba aliyemleta juzi anamzidi mshahara, ukaribu unaweza kuingia doa, na kinyume chake pia.

Mazungumzo yasipofaulu, kukataa kunaruhusiwa. Kinachoumiza ni mdhamini kusikia habari hiyo kwanza kutoka kwa mkuu wake. Apigiwe simu kabla: "Dada, nimelitafakari pendekezo lao. Kwa hesabu za nyumbani halinitoshi, nami sipendi kuanza kisha nikaacha njiani na kukuaibisha. Leo nitawaandikia kuwashukuru." Mdhamini mwenye busara atapendelea kukataliwa kwa namna hiyo kuliko kukubaliwa na mtu atakayeondoka baada ya miezi miwili.

Kwa ufupi

Kabla ya kutia sahihi, anayebadili fani kwa mkono wa mtu anayemfahamu anapaswa kuwa na majibu ya maswali haya:

- Kiasi kitakachofika mkononi baada ya makato yote ni kipi, na kinazidi cha sasa kwa kiasi gani baada ya nauli na kodi ya nyumba?
- Ni haki gani zinazoachwa nyuma, hasa pensheni, na zipi zinazoanza upya?
- Kiwango kilichoombwa kimethibitishwa na watu zaidi ya mmoja?
- Kipindi cha majaribio ni cha muda gani, na nyongeza iliyoahidiwa baada yake imeandikwa?
- Aliyefungua mlango amewekwa nje ya mazungumzo ya fedha, na ameshukuriwa?